Kujenga Ulingo wa Ndondi Mombasa: Anza na Sakafu, Kamba Zije Baadaye

Watu wanaokusudia kufungua klabu ya ndondi hapa Mombasa mara nyingi hunijia na swali la bei ya kamba. Sishangai, kwa kuwa kamba na nguzo ndizo zinazoonekana kwa mbali na ndizo zinazoufanya ulingo uitwe ulingo. Hata hivyo, ushauri wangu kwao ni kwamba shilingi ya kwanza iende sakafuni na ya mwisho iende kwenye kamba. Bondia huegemea kamba mara chache tu katika raundi, lakini nyayo zake ziko juu ya sakafu muda wote, na anapoangushwa, sakafu ndiyo inayopokea kisogo chake.

Jambo hili nilifundishwa na ulingo wetu wa kwanza, tulioujenga Majengo kwa haraka na kwa mbao za kuokotezaokoteza. Ubao mmoja karibu na kona ya buluu ulikuwa umevimba kwa unyevu ukainuka juu ya mwenzake kwa kimo cha sarafu mbili za shilingi kumi zilizopandanishwa, kimo ambacho jicho halikioni kwa sababu turubai limekifunika. Kijana aliyekuwa akirudi nyuma kwa hatua ndogo ndogo, kama alivyofundishwa, alikwaza kisigino hapo, kifundo kikateguka, naye akakaa miezi miwili bila kufanya mazoezi. Tulipofunua turubai tulikuta pia misumari mitatu imechomoza vichwa, nayo ilikuwa na kutu nyekundu iliyokwisha kupenya hadi kwenye kitambaa.

Maelezo yanayofuata ni ya ulingo wa klabu, yaani wa kufanyia mazoezi na mapambano madogo, unaoweza kujengwa na seremala mmoja, fundi wa kuchomelea mmoja na vijana wa klabu wenyewe.

Ukubwa na mahali

Neno letu, ulingo, kwanza ni jukwaa la shambani ambalo mlinzi hupanda ili kuamia ndege wasile nafaka, na kwa hiyo linabeba maana ya kitu kilichoinuliwa. Waingereza wao hutumia neno lenye maana ya duara, ingawa kitu chenyewe ni mraba, kwa sababu zamani watazamaji ndio waliokuwa wakisimama kuwazunguka wapiganaji. Kanuni za bondia Mwingereza Jack Broughton za mwaka 1743 zilitaja mraba wa yadi moja uliochorwa kwa chokaa katikati ya jukwaa, zile za London za mwaka 1838 zikataka eneo la futi 24 kila upande lililozungushiwa kamba, na zile zinazoitwa za Queensberry, za mwaka 1867, zikashika kipimo hicho hicho.

Siku hizi kanuni za kimataifa za ndondi za ridhaa zinataka mita 6.10 kila upande, zikipimwa ndani ya kamba, na sakafu iendelee nje ya kamba kwa angalau sentimita 85. Katika ndondi za kulipwa vipimo hutofautiana, lakini kwa kawaida huwa kati ya futi 16 na futi 24 ndani ya kamba. Kwa klabu ambayo haina ukumbi mkubwa, mimi napendekeza futi 16 ndani ya kamba na futi 2 za sakafu nje ya kamba kila upande, ambazo kwa jumla ni futi 20 kwa 20. Sababu yangu ni ya seremala zaidi kuliko ya bondia. Plaiwudi huuzwa kwa vipande vya futi 8 kwa 4, na sakafu ya futi 20 kwa 20 humezwa na vipande kumi na viwili na nusu kamili, bila kupoteza chochote isipokuwa nusu inayobaki, ambayo itafaa kwa ngazi.

Kimo kiwe kidogo. Ulingo wa mashindano ya ridhaa huinuliwa hadi mita moja ili watazamaji waone, lakini klabu haina watazamaji wa kuwaonyesha, na bondia anayeponyoka kati ya kamba ataumia zaidi akianguka kutoka mita moja kuliko kutoka futi moja na nusu. Zaidi ya hayo, kumbi zetu nyingi zina feni za dari. Mtu wa futi 6 akinyoosha mkono juu anafika karibu futi 8, na ukiongeza kimo cha ulingo utaona kwamba feni iliyoning'inia futi 9 kutoka chini ni hatari ya kweli. Pima kabla hujanunua mbao, na ikilazimu zihamishe feni ukutani.

Kiunzi na mbao

Wazee wa Mji wa Kale watakuambia kwamba boriti ya mkoko haishindwi na kitu, na nyumba zao ni ushahidi. Kwa ulingo, hata hivyo, haifai, kwa sababu boriti huwa nene shinani na nyembamba kileleni, ilhali sakafu ya ulingo lazima ikae sawa kama maji. Tumia mbao zilizopasuliwa na kukaushwa, za inchi 2 kwa 6, zilizopakwa dawa ya mchwa pande zote, hasa kwenye ncha zilizokatwa, ambako ndiko mchwa na unyevu huingilia.

Chora mraba sakafuni kwanza. Ili kupata kona ya digrii 90 bila kifaa cha ghali, vuta nyuzi mbili kutoka kona moja, pima futi 12 kwenye uzi mmoja na futi 16 kwenye uzi wa pili, kisha sogeza uzi wa pili hadi umbali kati ya alama hizo mbili uwe futi 20 kamili. Ukimaliza pande zote nne, pima mishazari yote miwili. Ikiwa iko sawa, na kila mmoja una futi 28 na inchi 3 na kitu, mraba wako umenyooka. Ikiwa inatofautiana hata kwa inchi moja, anza upya, kwa maana kosa hilo litakufuata hadi kwenye kamba.

Weka mihimili sita sambamba, kila mmoja futi 4 kutoka mwenzake, juu ya miguu mifupi iliyosimama kwenye vipande vya chuma ili mbao zisigusane moja kwa moja na saruji inayotoa jasho. Juu ya mihimili hiyo, zikiikatiza, panga mbao ndogo kila baada ya futi moja. Wapo watakaokuambia kwamba futi moja ni ufujaji na kwamba futi mbili zinatosha. Waache waseme. Sakafu yenye mapengo ya futi mbili hubonyea mtu mzito anapotua, kisha humrudisha juu kama chaga ya kitanda, na baada ya mwaka mmoja plaiwudi huanza kupasuka ndani kwa ndani.

Plaiwudi iwe ya milimita 18, ya aina inayostahimili maji. Panga safu tano, na katika kila safu weka vipande viwili vizima na nusu moja, lakini nusu ikae kulia katika safu ya kwanza, kushoto katika ya pili, kulia tena katika ya tatu, ili maungio yasiwe mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Funga kwa skrubu zisizoshika kutu, si kwa misumari. Msumari hujing'oa kidogo kidogo kila sakafu inapotikisika, ilhali skrubu hubaki mahali pake. Zamisha vichwa vya skrubu chini ya uso wa ubao, jaza matundu kwa lahamu ya mbao, kisha piga msasa kila ungio.

Baada ya hapo vua viatu, fumba macho, na utembee kwa kuburuta nyayo kutoka kona hadi kona, safu kwa safu. Wayo hugundua tuta ambalo pimamaji haionyeshi. Mimi hufanya hivyo mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa soksi nyembamba, kwa sababu soksi hunasa kwenye kibanzi ambacho ngozi ngumu ya kisigino haikihisi.

Sponji na turubai

Juu ya mbao panatakiwa tabaka la kupunguza kishindo. Kanuni za ridhaa huzungumzia unene wa sentimita 1.5 hadi 2, na katika ndondi za kulipwa inchi moja ndiyo kawaida. Tumia sponji ngumu au mpira, ile ambayo ukiibonyeza kwa kidole gumba hurudi mara moja. Tafadhali usitandike godoro. Nimeona klabu zikikata magodoro ya zamani kwa nia njema, na matokeo yake ni mguu kuzama, kifundo kupinda na goti kubeba uzito ambao haukuwa wake. Tabaka zito na laini halimlindi bondia. Linamfanya apigane kama mtu aliye kwenye mchanga wa Bamburi. Vipande vya sponji viunganishwe kwa utepe imara, navyo viishie kwenye ukingo wa sakafu, si kwenye mstari wa kamba, kwa sababu mtu anaweza kuanguka akiwa nusu nje.

Turubai ndilo jambo ambalo watu wa Mombasa hukosea kwa urahisi zaidi, na kosa hilo hutokana na wingi wa mafundi wetu wa kushona maturubai ya malori. Fundi huyo ana cherehani nzito, ana pete za shaba, na anashona vizuri. Tatizo ni kitambaa. Turubai la lori ni la plastiki, na plastiki ikidondokewa na jasho huteleza kama sakafu ya bafu. Sisi tuliuziwa moja kwa maelezo kwamba ni la kudumu, na kweli lilidumu, lakini jioni ya kwanza ya unyevunyevu mabondia wanne waliteleza ndani ya saa moja. Mwendee fundi yule yule, ila umpelekee kitambaa kizito cha pamba wewe mwenyewe.

Kitambaa cha pamba hupungua kikilowa, kwa hiyo kiloweke kwenye maji baridi yasiyo ya chumvi na kukianika kabla hakijakatwa. Kiwe na futi 23 kila upande, ili kishuke pembeni na kukunjwa chini ya ukingo. Mishono iwe bapa, yenye mistari miwili, na mkunjo wake ukae chini. Pete za shaba zipigwe kila baada ya futi moja kuzunguka ukingo, kisha kamba nyembamba ipitishwe kutoka pete hadi kulabu zilizo chini ya jukwaa. Kaza kwanza katikati ya kila upande, ndipo uelekee kwenye kona, kama mtu anavyowamba ngoma. Ukianza na kona utabaki na mikunjo katikati ambayo hakuna nguvu itakayoiondoa.

Nguzo na kamba

Kamba nne zikikazwa huvuta nguzo ndani kwa nguvu kubwa. Mjenzi asiye na uzoefu huona kichwa cha nguzo kikiinama na kuamua kuongeza unene wa bomba, ilhali tatizo liko chini. Kichwa kinapovutwa ndani, ukingo wa jukwaa huwa kama egemeo la mtarimbo, na tako la nguzo husukumwa nje. Kwa hiyo matako ya nguzo zote nne yafungwe pamoja kwa vyuma bapa, kuzunguka pande zote na kukatiza kwa mishazari chini ya jukwaa, na mahali nguzo inapopita kwenye sakafu pawekwe kipande kizito cha mbao cha kuegemea. Bomba la chuma la inchi 4 lililofanyiwa hivyo halitikisiki. Nguzo zisimame angalau inchi 18 nje ya kamba, ili mtu anayesukumwa kwenye kona asikutane na chuma.

Kuhusu aina ya kamba, tumejaliwa kuishi mahali penye mkonge na makumbi, lakini kamba za makumbi huchuna ngozi, na za mkonge hunywa jasho, hukaza zikilowa, hulegea zikikauka, na mwishowe huoza. Nailoni nayo huvutika. Kamba ya poliesta yenye unene wa inchi moja ndiyo ninayoiamini. Kila mzunguko utahitaji takriban mita 22 pamoja na maungio, kwa hiyo nunua mita 90. Funika kila kamba kwa sponji nyembamba na kitambaa laini kisichofyonza jasho. Vimo vyake, vikipimwa kutoka juu ya turubai, ni sentimita 40, 70, 100 na 130.

Kwenye kila kona weka vikaza vya skrubu, vile vyenye macho mawili ambavyo mafundi wa majahazi hukazia nyaya za mlingoti. Viwe vya chuma kisichoshika kutu, na vipakwe grisi kila mwezi, kwa maana upepo wa baharini huvigandisha upesi kuliko unavyodhani. Pande zote nne, unganisha kamba zote kwa vipande viwili vya kitambaa kigumu chenye upana wa sentimita 3 hadi 4, vilivyofungwa ili visiteleze. Vipande hivi vinaonekana vidogo, lakini ndivyo vinavyozuia kamba ya pili na ya tatu kuachana na kumruhusu mtu apite katikati.

Kamba ikazwe kiasi gani? Simama katikati ya upande mmoja, mpe kamba ya juu mgongo wako, uegemee kwa uzito wote. Ikisogea nje takriban shubiri moja na kukurudisha, imetosha. Rudia kipimo hicho kabla ya kila siku ya mapambano, kwani joto hubadili kila kitu. Kule Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali aliegemea kamba zilizolegea, akamwacha George Foreman ajichoshe kwa kurusha ngumi, kisha akamwangusha katika raundi ya 8. Wapo waliomtuhumu kocha wake, Angelo Dundee, kwamba alizilegeza makusudi, naye akakana na kusema kwamba joto ndilo lililozilegeza. Ulegevu huo ulimfaa bondia mmoja mwenye akili isiyo ya kawaida. Kwa kijana anayejifunza, kamba iliyolegea ni mlango wa kuangukia nje.

Kamba ya chini ipewe sponji maradufu. Mwezi Machi 1963, kule Los Angeles, bingwa wa dunia Davey Moore aliangushwa na Sugar Ramos, shingo yake ikagonga kamba ya chini, na akafariki siku chache baadaye. Kila ninapoifunga kamba hiyo namkumbuka, na sijawahi kukubali ombi la mtu anayetaka tupunguze sponji ili tubane matumizi.

Kona mbili zinazokabiliana kwa mshazari ziwe nyekundu na buluu, na mbili zilizobaki ziwe nyeupe. Mito ya kona ifunike vikaza vyote kutoka kamba ya chini hadi ya juu. Weka ngazi kwenye kona nyekundu na buluu, na nyingine kwenye kona mojawapo nyeupe kwa ajili ya mwamuzi na daktari.

Kama klabu inataka kizimba

Vijana wanaofuatilia mapigano ya mchanganyiko, yaani ya ngumi, mateke na mieleka pamoja, huomba kizimba cha wavu, na ombi lao lina mantiki, kwa sababu wanaopigania chini hubingirika na kupenya chini ya kamba. Mapambano ya kwanza ya UFC, kampuni ya Marekani inayoandaa mapigano hayo, yaliyofanyika Denver tarehe 12 Novemba 1993, yalitumia eneo la pembe nane lenye uzio, na umbo hilo limebaki. Kanuni za pamoja za mchezo huo huruhusu eneo la kati ya futi 18 na futi 32. Ukitaka pembe nane, zidisha upana wa eneo, kutoka upande hadi upande unaoukabili, kwa 0.414 upate urefu wa kila upande. Kwa upana wa futi 20, kila upande utakuwa na futi 8 na inchi 3 na ushei.

Sakafu hujengwa kama nilivyoeleza. Wavu uwe uliofunikwa kwa plastiki, ncha zote za waya zielekezwe nje, na nguzo pamoja na bomba la juu vivikwe sponji. Pale wavu unapokutana na sakafu weka mto mrefu, ili vidole vya miguu visinase. Milango iwe miwili, nayo ifunguke kwa komeo lililo nje. Wavu usio na plastiki, hapa kwetu, hautamaliza masika mawili kabla haujaanza kukwaruza watu.

Utunzaji

Jasho likikauka ndani ya turubai hubaki kama chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa usiku. Pangusa kwa maji baridi na sabuni kila baada ya mazoezi, kisha fungua madirisha. Damu ikidondoka, changanya sehemu moja ya dawa ya kufulia yenye klorini na sehemu tisa za maji, acha ikae dakika kumi, ndipo upanguse kwa maji safi. Asiruhusiwe mtu kupanda ulingoni na viatu alivyotoka navyo barabarani, hata awe mgeni wa heshima. Mara moja kwa wiki mtu mmoja aingie chini ya jukwaa na tochi, akaze nati, aangalie njia za mchwa na aguse kila mguu.

Ukiupeleka ulingo uwanjani kwa mapambano ya usiku, ulifunike turubai kwa plastiki hadi dakika ya mwisho, kwa sababu umande wa pwani hushuka kabla ya pambano la kwanza kuanza. Kabla ya kuung'oa, andika namba chini ya kila kipande cha plaiwudi na kwenye ubao kinapokaa, ili kila skrubu irudi kwenye tundu lake. Turubai likishakauka kabisa, liviringishe kwenye bomba refu la plastiki badala ya kulikunja kama shuka, maana mkunjo uliokaa wiki mbili hubaki kuwa tuta chini ya mguu.